Mpaka Miguu Irefuke

Jumamosi asubuhi, fundi wa kinanda alipogonga mlango, Mwalimu alikuwa hana meno. Yalikuwa kwenye glasi ya maji juu ya meza, yanamcheka. Ilikuwa seti mpya, aliyotengenezewa na binti yake wa pekee, na ilikuwa inambana ufizi upande wa kushoto. Binti alikuwa ameahidi kupita saa tano kuja kuisugua kidogo. Kwa hiyo Mwalimu alimkaribisha fundi huku mkono uko mdomoni, na fundi, ambaye ana adabu zake, akajifanya haoni glasi.

Watu wote walimwita Mwalimu, hata wale wasiojua alifundisha nini. Alifundisha kwaya ya kanisa miaka thelathini na moja, kwa rula fupi na ulimi mrefu, na ulimi ndio uliouma zaidi. Sasa amestaafu. Rula aliigawa, ulimi alibaki nao.

"Nimekuletea kitu," fundi akasema, akaweka mezani kitabu chembamba kilichojaa vumbi. "Kilikuwa kimeangukia nyuma ya vikanyagio. Kimekaa humo mpaka panya wamekichoka."

Fundi huyu alikuwa amemaliza miezi mitatu ndani ya tumbo la kinanda cha kanisa, kile kikubwa cha mabomba, na kilichompa ni kikohozi na magoti mabovu. Kinanda kilikuwa hakijalia tangu kanisa liliponunua kile kidogo cha umeme. Kesho, Jumapili, ndiyo siku ya kukifungua tena.

Mwalimu akafunua jalada, akaona mwandiko wa marehemu mume wake, akakivuta karibu. Kilikuwa kitabu cha nota cha ule wimbo. Kitabu alichokitafuta wiki ya mazishi mpaka akapekua magodoro.

Ule wimbo kila mtu kanisani anaujua. Ni muziki wa Baroki, wa kinanda kitupu, uliotungwa Ulaya miaka mia tatu iliyopita, wa sauti nne zinazofukuzana kama watoto kwenye ngazi. Mume wa Mwalimu aliurekodi kwenye kaseti miaka ishirini na saba iliyopita, miezi michache kabla hajafa, na kaseti hiyo ndiyo itakayopigwa kesho kwenye vipaza sauti, maana hakuna mtu wa kuupiga kwa mikono. Ukutani kutabandikwa kibao chenye jina lake. Mwalimu alikuwa ameshanunua gauni.

"Sasa nisaidie," fundi akasema. "Lile bomba kubwa kabisa, la sauti ya chini kuliko zote, nimelishona ngozi mpya. Linanguruma vizuri tu, lakini sijui zamani lilingurumaje. Wewe unasoma nota. Piga kaseti, fuata kitabuni kwa kidole. Ukurasa wa tatu, mstari wa chini kabisa, wa miguu, unaopigwa kwenye vikanyagio: pale muziki unashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye nota ya mwisho ya kushoto. Nisimamishie kanda hapo. Ukishapapata, nipigie simu."

"Hiyo tu?" Mwalimu akauliza nyuma ya kiganja. "Nilidhani umekuja kunipa kazi."

Fundi akacheka, akakohoa, akaenda zake.

Haya. Kabla kaseti haijaanza kuzunguka, lazima lisemwe jambo moja, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alilikumbuka pale pale, kama alivyolikumbuka kila aliposhika kaseti ile.

Binti yake naye alipiga kinanda. Baba yake alimwanzisha angali mdogo, akampachika jina la Kifupi, maana kwa miaka mingi mtoto yule alikataa katakata kurefuka. Akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka tisa. Baba akafa. Miaka mitatu baadaye, akiwa na kumi na sita na ameshafyatuka kama mhindi shambani wakati wa mvua, Kifupi aliomba kuwa mpiga kinanda wa kanisa. Wazee watatu wa kamati wakamsikiliza, wakasema anapiga vizuri, ila mwenye neno la mwisho ni Mwalimu. Wakaja nyumbani. Mwalimu akawakalisha kwenye makochi, akawasha kaseti ya marehemu, akalia kama anavyolia siku zote, kisha akazima.

"Mmesikia?" akawauliza. "Huyo ndiye anayepiga. Huyu wangu anabonyeza."

Alisema hivyo binti akiwa amesimama na sinia la chai. Na binti alifanya kitu ambacho Mwalimu hakumsamehe kamwe. Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani. Mwalimu aliona ni dharau kwa baba yake aliyelala kaburini, na wageni walipotoka akamwambia asikiguse tena kinanda cha watu. Binti hakubishana. Hakukigusa. Akasomea kutengeneza meno ya bandia, akawa hodari kwelikweli, na siku hizi hupita Jumamosi moja moja, anasalimia, anaangalia saa, anaondoka. Alipoalikwa kwenye sherehe ya kesho alisema ana kazi. Jumapili! Nani anatengenezewa meno Jumapili? Jambo hilo lilimkera Mwalimu, na chini ya kero lilimuuma, kwa sababu hakuna alichokitaka zaidi kesho kuliko mtoto wake akae pembeni yake.

Basi akavaa miwani, akafungua kitabu, akabonyeza kitufe cha redio ya kaseti.

Kwanza ikaja sauti ya marehemu, nzito, ya mtu anayetangaza: "Wimbo wa sauti nne." Kimya kidogo. Halafu muziki.

Maisha yake yote Mwalimu aliusikia wimbo huu kwa masikio tu. Sasa alikuwa na macho pia, na tofauti ilimshtua. Sauti ya kwanza ilitoka peke yake, na kidole chake kikaiona ikitembea. Ya pili ikaingia, ikarudia maneno yale yale kama mtoto anayemwigiza dada yake. Ya tatu. Vitu alivyodhani ni kelele za katikati vilikuwa na njia yao, kila kimoja na pa kwenda. Halafu chini kabisa, kwenye mstari wa miguu, sauti ya nne ikaingia polepole, na Mwalimu akajikuta anatabasamu na ufizi wake mtupu. Alijiona amekaa na mume wake kwenye benchi moja, kila mmoja anaona anachoona mwenzake.

Akafunua ukurasa wa tatu. Mstari wa chini ukaanza kushuka, ngazi kwa ngazi, kama alivyosema fundi. Kidole kikashuka nao. Nota tano kabla ya mwisho, nne, na hapo sauti ikapanda.

Mwalimu akasimamisha kanda. Akaangalia kitabu. Nota zilikuwa zinashuka, tena hazikuwa na mjadala, zilikuwa zimening'inia chini ya mistari. Akarudisha kanda nyuma, akapiga tena. Kitabu kilishuka, sauti ikapanda. Ilikuwa nota zile zile, majina yale yale, lakini zimerukia juu, mahali pepesi, mbali na lile bomba kubwa.

"Nimezeeka," akajiambia. Akarudia mara ya tatu. Sauti ikapanda tena, bila haya.

Akamfikiria fundi na bomba lake. Labda lilikuwa bovu zamani hizo. Akampigia simu.

"Bovu?" fundi akasema. Nyuma yake palisikika nyundo. "Mwalimu, kabla yangu bomba lile halikuwahi kuguswa tangu lifungwe. Ngozi tu ndiyo imechakaa juzijuzi. Na bomba bovu halipandi juu, mama. Linanyamaza."

Mwalimu akakata simu bila kuaga. Ikabaki kwamba marehemu alikosea. Nani? Yule mtu aliyekuwa anasahihisha vitabu vya nyimbo kwa wino, anawaandikia barua waliovichapisha? Akaendelea na kanda. Ukurasa wa tano, mstari wa miguu ukashuka tena hadi chini, na sauti ikaruka juu. Wa sita, vile vile. Kila mahali palipotaka mguu wa kushoto uende mwisho kabisa, mguu haukwenda.

Akainamisha pua karibu na karatasi. Hapo ndipo alipoziona. Juu ya nota zilizochapwa palikuwa na nukta ndogondogo za penseli nyekundu, zimefifia kiasi kwamba alidhani ni madoa ya kutu. Hazikuwa madoa. Zilikuwa nota. Na kila moja ilikaa pale pale sauti ilipokuwa inarukia. Chini ya ukurasa wa sita, kwa mwandiko anaoujua kuliko wake, paliandikwa kwa penseli ile ile: *Nyekundu ni za Kifupi, mpaka miguu irefuke.*

Mwalimu akabaki kinywa wazi, na kinywa chenyewe hakina kitu.

Mume wake alikuwa mtu mrefu. Magoti yake yaligonga ubao wa kinanda mpaka seremala akaliinua benchi. Mguu wake ulifika chini kabisa na ukabaki mwingine wa akiba. Katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu ambaye miguu yake ilikuwa haijarefuka, na mtu huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Akili yake ikakataa. Ikasema labda baba alipiga zile nyekundu ili kumwonyesha mtoto. Lakini kurekodi kwa ajili ya kanisa zima, kwa nota za mtoto? Yule? Na akili ilipokosa pa kushika, yakaanza kuja mambo mengine ambayo Mwalimu hakuyaita. Vikombe vya chai ambavyo mwaka ule marehemu alitaka vijazwe nusu. Shati alilokuwa anaomba afungwe vifungo na mke wake, akisema ni mapenzi, na yeye mjinga akacheka akafunga. Siku ya kurekodi, alivyomkataza asije kanisani: "Ukikaa pale nitababaika." Na alivyomchukua mtoto amgeuzie kurasa.

Akamgeuzia kurasa! Mwalimu alipiga kofi mezani hadi glasi ikaruka. Mikono ilikuwa imeshamfia mume wake, na yeye aliyelala naye kitanda kimoja hakujua. Aliyetangaza alikuwa baba. Aliyepiga alikuwa mtoto. Na kanda hiyo hiyo ndiyo aliyoiwasha mbele ya wazee watatu. Alichukua mikono ya binti yake, akaipa jina la baba, akaitumia kumchapia mwenye mikono.

Kile kicheko. Mungu wangu, kile kicheko cha puani.

Alikaa. Hakulia, maana kilio kinataka mtu ajue aanzie wapi. Kanda ilifika mwisho, ikajizima yenyewe, naye hakuisikia.

Saa tano kasoro binti akaingia na mkoba wake wa vifaa. Mwanamke wa miaka arobaini, mrefu mpaka anainama mlangoni.

"Shikamoo mama. Yako wapi hayo meno yanayokutesa?"

"Marahaba. Kaa."

"Sina muda sana, nina—"

"Kaa, mwanangu."

Kuna namna Mwalimu alivyosema ambayo binti hakuizoea. Akakaa kwenye ukingo wa kochi. Mwalimu akarudisha kanda kidogo, akapiga ukurasa wa tatu. Muziki ukashuka, ukaruka juu. Akazima.

"Nani huyo anapiga?"

Binti aliangalia redio, akaangalia glasi ya meno.

"Baba," akajibu.

Miaka ishirini na saba, na bado anamfichia. Hilo lilimpiga Mwalimu kuliko nota zote. Akakisukuma kitabu mbele, kimefunuliwa ukurasa wa sita, akaweka kidole chini ya yale maandishi mekundu. Binti aliyasoma. Aliyasoma mara nyingi kuliko maneno machache hivyo yanavyotaka, halafu akavua miwani yake ya kazi akaishika mapajani.

"Aliniapisha," akasema. "Alikuwa hawezi tena kushika hata kijiko, mama. Alikuwa anakula kabla hujarudi ili usimwone. Akasema ukijua utaanza kumwomboleza angali hai. Akaniambia, tumpe mama kitu kimoja kizuri, halafu tunyamaze."

"Na siku ile ya wazee? Niliposema unabonyeza? Si ungefungua mdomo?"

"Nilitaka. Nilikuwa na sinia mkononi, nikataka kulitupa chini na kusema. Halafu nikakuona unalia. Ulikuwa unasikiliza na unalia, na umefurahi. Baba alikuwa amekufa, na ulibaki naye humo kwenye kaseti tu. Ningekunyang'anya vipi?"

"Ukacheka."

"Nilicheka. Ulikuwa unaniambia nipige kama mimi mwenyewe."

Mwalimu alifumba macho.  Neno lililomtoka lilikuwa la kitoto.

"Kinanda kimepona. Kesho upige wewe. Nitawaambia wote, upige wewe."

Binti akanyoosha mikono yake juu ya meza, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa mikono mizuri, safi, yenye vidole vya kazi ndogondogo, na ncha za vidole zilikuwa zimekakamaa kwa miaka ya kushika visu vya kuchongea.

"Siwezi, mama," akasema taratibu, bila ubaya. "Sijakaa kwenye kinanda tangu siku ile. Miaka ishirini na minne. Mikono imesahau. Nilijaribu mara moja dukani, kwenye kile cha umeme, nikaishia mstari wa pili." Akaonyesha redio kwa kidevu. "Ya kwangu yote iliyobaki ni hiyo."

Hapo ndipo Mwalimu alipolia. Binti alimwacha alie. Kisha akatoa meno kwenye glasi, akayapangusa, akawasha kimashine chake na kuanza kusugua upande wa kushoto, polepole, anajaribu kwa kidole, anasugua tena. Alipomaliza akamwambia mama afungue mdomo, akamvalisha.

"Yanabana?"

"Hayabani."

"Basi kesho usije bila hayo."

"Utakuja?" Mwalimu akauliza. Binti akafunga mkoba.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Wazee watatu wa kamati, ambao sasa ni wazee kweli, walikaa mbele, mmoja na mkongojo. Kibao kilikuwa ukutani kimefunikwa kitambaa. Fundi alisimama kando ya mabomba yake, amevaa koti lililombana. Katibu alipomwita Mwalimu aje aizungumzie kanda ya marehemu, Mwalimu alipanda, akashika kipaza sauti.

Akaangalia mlangoni. Mtu mrefu alikuwa anainama kuingia.

"Miaka ishirini na minne iliyopita," Mwalimu akasema, "wazee hawa watatu walikuja kwangu. Niliwapigia kanda nikawaambia, huyo ndiye anayepiga, na mwanangu anabonyeza. Nilisema mbele yake. Leo nasema mbele yenu. Anayepiga kwenye kanda hii ni mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa mgonjwa, na mtoto akampa mikono yake, na mimi nikaja kuikata. Nilikuwa na masikio nikashindwa kuyatumia. Kibao kile kishusheni, kikaandikwe upya."

Mzee wa mkongojo alishika shavu. Katibu alisimama na mdomo wazi, na karatasi yake ya ratiba ikadondoka, hakuna aliyeiokota. Mwalimu alishuka, akapita katikati ya macho yote yale hadi benchi la nyuma, akakaa karibu na binti yake. Binti alikuwa ameganda. Alikuwa anaangalia mbele kama mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi.

Wakawasha kanda. "Wimbo wa sauti nne," ikasema sauti ya baba, na watu wakashtuka upya.

Mwalimu akafungua kitabu kwenye mapaja yao wawili, nusu kwake, nusu kwa binti. Kidole chake kikaanza kufuata. Ukurasa wa kwanza binti hakuangalia. Wa pili, aliangalia. Kwenye wa tatu Mwalimu alisikia kitu kinakwaruza sakafuni, akainamisha macho.

Ni viatu vya binti yake. Chini ya benchi miguu ilikuwa inatembea, kisigino, ncha, kisigino, inafuata mstari wa chini nota kwa nota. Muziki ulifika pale, ukaruka juu kwenye nota nyekundu, za mtoto mfupi. Mguu wa kushoto haukuruka nao. Ulinyooka kushoto, ukapita mguu wa mama, ukaenda mpaka mwisho, mahali palipochapwa kitabuni, ukafika, ukakanyaga.